Siku Nilipofuta Muhtasari wa Kijito

Asubuhi ile mashine ilikuwa imeacha kupokea. Nilijua kabla sijakaa kitini, kwa sababu juu ya kioo cha kompyuta kulikuwa na mstari mwekundu ambao sikuwahi kuuona, na chini yake maneno machache: nafasi ya diski imeshuka kuliko inavyoruhusiwa, hakuna kitakachoandikwa mpaka nafasi ipatikane. Nje ya dirisha mtaa wetu wa Chumbageni, hapa Tanga mjini, ulikuwa unaamka polepole. Mtu alikuwa anafagia uani, ufagio wa chelewa ukikwaruza mchanga, na harufu ya vitumbua ilipita ikaenda zake. Nilisimama na mkoba begani, nikihisi kama nimeingia kwenye nyumba ambayo saa ya ukutani imesimama.

Ofisi yetu ni nyumba ya kizamani, na chumba cha mashine zamani kilikuwa jiko. Mradi wenyewe si mkubwa. Unapima maji. Kuna vipimo vilivyofungwa kwenye vijito vya msituni kule milimani Amani, na vingine kwenye mikoko ya Pangani karibu na mdomo wa mto. Kila kimoja, kila baada ya dakika moja, hutuma mstari mmoja wa maandishi: mimi ni kipimo fulani, saa ni hii, maji yamefika hapa, betri yangu imebaki hivi. Mistari hiyo ndiyo tunayoiita logi. Inaingia mchana kutwa, usiku kucha, kama manyunyu yasiyokatika, na programu yetu inaipanga na kuihifadhi. Mtu akiiuliza swali, inapekua na kumjibu.

Mimi si mtaalamu wa maji. Mimi ni mtunza mashine. Kwa miaka kadhaa niliishi na maji ambayo sijawahi kuyagusa, na nadhani ndiyo sababu nilianza kuwa mtu wa kuota. Maji ya bomba nyumbani kwetu yanatoka mto Sigi, na Sigi unashuka kutoka huko huko milimani. Alfajiri nilipokuwa nachukua udhu, mara nyingine nilikuwa nawaza: maji haya niliyasoma juzi. Yalipita mbele yangu kama namba, sasa yananipita vidoleni.

Mkuu wetu wa mradi aliingia na kikombe cha chai. Ni mtu wa Pangani, mpole, anayesema taratibu kana kwamba kila neno analishusha kutoka mtini.

"Binti, mbona mikoko yangu leo haionekani?"

"Diski imejaa, Mkuu. Tangu alfajiri hatupokei kitu."

"Si uongeze nyingine?"

"Hatuna. Nikiagiza leo, ikiwahi sana ni baada ya miezi."

Akanywa chai kidogo. "Basi futa za zamani. Logi za mwaka wa kwanza nani anazitaka?"

"Logi hazifutwi, Mkuu. Hizo ndizo zenyewe. Tukizifuta, mvua ya mwaka ule hatutaipata tena popote."

Alinitazama, akatazama ule mstari mwekundu, akakubali kwa kichwa. "Haya. Tafuta kingine cha kufuta. Lakini vile vipimo vyenyewe havishiki kumbukumbu zaidi ya siku chache. Tusizipoteze."

Nikaanza kutafuta kilichokula nafasi, na haikuchukua muda. Hazikuwa logi. Ilikuwa mihtasari.

Programu yetu ina tabia moja nzuri. Swali linaloulizwa mara kwa mara unaweza kuiambia ilitayarishie jibu mapema. Badala ya kungoja mtu aulize ndipo ianze kupekua mamilioni ya mistari, yenyewe hupita kidogo kidogo, hutoa muhtasari na kuuweka kando. Mtu akija kuuliza, jibu liko tayari na ukurasa unafunguka papo hapo. Ila kila muhtasari unakaa kwenye diski, na unapouwasha, programu hukuuliza uwe wa muda gani: wiki, mwezi, mwaka, au muda wote. Nilifungua orodha nikakuta mihtasari sita. Yote sita ilikuwa imewekwa "muda wote". Pembeni, kwenye jina la aliyeiwasha, nilikuwa mimi.

Orodha ile ilionyesha pia ni lini kila muhtasari ulitumika mara ya mwisho. Mitano ilikuwa imelala miezi na miezi. Mmoja niliutengeneza kwa ajili ya mwanafunzi aliyekuja kuandika utafiti wake na akaondoka, mwingine kwa ajili ya mgeni aliyekaa wiki mbili. Mingine hata sikukumbuka. Wa sita ulikuwa mkubwa kuliko mitano yote ukiijumlisha. Huo ulifunguliwa kila siku, saa moja asubuhi na dakika chache, isipokuwa Jumapili. Ulikuwa wa kijito cha juu kabisa, kule Amani.

Nilijua ni nani.

Kwa muda mrefu nilimjua kwa sauti tu. Alikuwa mama wa makamo anayetutunzia vipimo kule mlimani, mzaliwa wa kambi ya mashamba ya chai. Baba yake alikuja kuchuma chai kutoka mbali na hakurudi tena kwao. Mara ya kwanza alinipigia simu miaka mitatu kabla ya asubuhi ile. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa mashine?"

"Ndimi, mama."

"Sasa mwanangu, nikibonyeza hapa nione kijito changu tangu mwanzo, kiduara kinazunguka. Kinazunguka weee. Natoka, narudi, bado kinazunguka. Hii ni haki kweli?"

Nikacheka. Mtandao wa kule ni wa kusuasua, na swali lake lilikuwa zito: alitaka miaka yote, dakika kwa dakika. Siku hiyo hiyo nikamtayarishia muhtasari wa muda wote. Kesho yake alipiga tena, saa moja asubuhi, anapiga kelele kama mtu aliyeona mwezi wa Idi, ingawa yeye ni Mlutheri na mwimbaji wa kwaya. "Umefunguka! Hata sijakaa vizuri, umefunguka!" Nikakaa na furaha hiyo siku nzima. Ni mara chache mtunza mashine hushukuriwa. Watu hutukumbuka kitu kinapoharibika.

Asubuhi ile ya mstari mwekundu nilifuta ile mihtasari mitano. Mashine ikavuta pumzi na logi zikaanza kuingia tena, zile za vipimo vya Pangani kwanza, kisha za mlimani. Lakini nilipiga hesabu nikaona nafasi ile ingetosha wiki moja tu. Bila kuugusa ule wa sita, tungerudi pale pale.

"Ufute basi," Mkuu alisema. "Au uupunguze. Kwani utamuua?"

Ningeweza kuufuta bila kusema, ni kazi ya kubonyeza mara mbili. Nilipeleka kidole mpaka pale, nikakirudisha. Niliona kama ninataka kuingia chumbani kwa mtu asiyekuwepo na kuhamisha kitanda chake. Nikampigia simu, ikakatika, nikapiga tena. Nikamweleza kwa kifupi kwamba diski imejaa na kwamba muhtasari wake ndio mkubwa.

Nikasikia akisukuma kiti nyuma.

"Njoo," akasema. "Mambo ya kufutiana kwenye simu mimi siyawezi. Njoo uone ninachokiangalia."

Kesho yake nikaenda. Nilibeba mikate ya kumimina miwili na fungu la ng'onda, samaki wa kukausha, kwa sababu sikuwahi kufika kwa mtu mikono mitupu. Muheza nilikodi pikipiki. Mwanzoni tulipita kwenye joto letu lile lile, michungwa imesimama kimya kwenye vumbi, kisha barabara ikaanza kupanda na hewa ikabadilika. Sijui nilieleze vipi. Kila kona tuliyoizunguka ilikuwa inaniondolea kitu mwilini, jasho kwanza, kisha kelele, kisha ile haraka ya mjini. Ukungu ulishuka ukatukuta njiani, ukatufunika, ukatuachia, ukatufunika tena. Mahali fulani harufu ya iliki ilinijaa puani na sikuona shamba lolote. Dereva alikuwa anaongea, mimi nilimsikia kama mtu anayeongea chumba cha pili. Niliona majina ya vijiji kwenye vibao na yote niliyajua. Nilikuwa nimeyaandika kwenye mashine mara elfu, na sikuwahi kufikiri kwamba yana kuku na watoto na nguo zilizoanikwa.

Alinipokea mlangoni mwa ofisi yake, amevaa sweta la kijani na khanga kiunoni. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kumbe wewe mdogo hivi! Nilidhani mtu mzima, unavyoongeaga kwa uchovu."

Akapokea mikate, akanusa ng'onda, akacheka. Ofisi yake ilikuwa chumba cha mbao chenye meza moja, kompyuta moja na rafu iliyojaa madaftari ya zamani. Akanivutia kiti, akakaa yeye kwenye stuli, akabonyeza. Ukurasa ukafunguka mara moja.

Nilikuwa nimeuona ukurasa ule mara nyingi, lakini sikuwahi kuutazama pamoja naye. Mstari wa buluu ulianzia kushoto, siku ya kwanza kipimo kilipofungwa, ukaenda, ukapanda kwa mvua za masika, ukashuka, ukapanda kidogo kwa vuli, ukashuka tena, mpaka asubuhi ile. Mwanzoni ulikuwa umechongoka kama meno ya msumeno. Baadaye ulikuwa laini, unapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala.

"Unaona?" akasema taratibu. "Ndiyo kazi yangu hiyo, kila asubuhi. Hapa mwanzo, mvua ikinyesha maji yanaruka juu, yanaondoka na udongo. Tukaenda kwa wakulima wa huko juu, tukawaomba wapande miti kandokando. Wakapanda. Na kuanzia hapa," akagusa kioo kwa kucha, "kijito kimetulia. Naliangalia tulizo hilo kila siku kabla sijafanya lolote. Likinifungukia, na mimi natulia."

Nikamweleza yote: kwamba logi za kijito zipo na zitabaki, hakuna atakayezigusa, kwamba ninachotaka kupunguza ni lile jibu lililotayarishwa tu. Ningemwachia mwezi mmoja wa karibuni ufunguke haraka kama kawaida. Akitaka kuona tangu mwanzo, ataona, ila itabidi asubiri programu ipekue.

"Kwa hiyo utanifutia kijito changu."

"Sikifuti, mama. Kitakuja polepole tu."

"Polepole kama zamani?"

"Kama zamani."

Akavuta sweta mabegani. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Haya. Bonyeza wewe. Mimi sibonyezi."

Nikabonyeza. Programu ikaniuliza kama nina hakika, nikaiambia nina hakika. Mstari wa buluu ukatoweka, ukurasa ukabaki mweupe. Tukautazama weupe ule wote wawili. Kule Tanga, kwenye jiko la zamani, diski ilikuwa inapata nafasi, na pale juu mama yule alikuwa anatazama mahali ambapo kijito chake kilikuwa. Nikamwambia tujaribu njia ya polepole, nikauliza swali lile lile la miaka yote. Kiduara kikaanza kuzunguka.

Kikazunguka. Akaenda kuchemsha chai ya iliki, akarudi, bado. Tukanywa, tukala mkate. Akaniuliza kama nimeolewa, nikamwambia bado, akasema bado ni neno zuri. Kiduara kilikuwa kinazunguka tu.

"Zamani," akasema, kana kwamba anaongea na kikombe, "nilikuwa nikikiacha kinazunguka hivi, nateremka mtoni. Nikirudi nakuta tayari."

"Na siku hizi?"

Niliona anahesabu kitu kichwani, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo kama anga linavyobadilika bila mtu kuona wingu limetoka wapi.

"Siku hizi unafunguka kabla sijavaa mabuti," akasema. Kisha akainuka. "Twende."

Akanipa mabuti ya ziada, makubwa, nikayajaza karatasi za gazeti. Tukashika njia iliyoingia msituni. Ilikuwa njia iliyosahaulika nusu, majani yameiinamia pande zote, na alitangulia akiyasukuma kwa mkono. Juu sana, mbali, hondohondo walipita wakipiga kelele, na mbawa zao nilizisikia kama nguo nzito zinazokung'utwa. Mwanga ulikuwa wa kijani. Nilitembea nikihisi niko ndani ya maji tayari. Mara mbili alisimama, akasikiliza, akasema maneno ambayo sikuyaelewa mpaka baadaye.

"Sauti haiko mahali pake."

Tulipotokea, nilikiona kijito. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyokiota, chenye haraka, maji meupe juu ya mawe, na kilikuwa kinapita upande wa kule, chini ya ukingo wa mbali. Kipimo hakikuwa kule. Kipimo, lile bomba la kijivu lililofungwa kwenye nguzo ya chuma, kilikuwa upande wetu, katika dimbwi lililotulia. Juu kidogo mti mkubwa ulikuwa umeanguka ukalala mkondoni, mawe na matope yamejazana nyuma yake, na maji yalikuwa yamejitafutia njia nyingine. Katika dimbwi lile majani yalikuwa yanaelea bila kwenda popote. Taa ndogo ya kijani juu ya nguzo ilikuwa inawaka na kuzima. Kipimo kilikuwa kizima, kinatuma. Kila dakika kilikuwa kinatuambia habari za dimbwi.

Mama alisimama. Kisha akainama, akatia mkono majini, akauacha humo.

"Tangu lini?" nikauliza.

Akautazama ule mti. Gome lake lilikuwa limeoza, na majani ya kangaga yalikuwa yameota juu yake, marefu hadi magotini. "Si wa mwaka huu," akasema.

Akakaa juu ya jiwe. Hakulia. Alivua buti moja, akamwaga maji yaliyoingia, akabaki nalo mkononi.

"Nimewaambia watu," akasema. "Nimewaambia wale wakulima kijito kimetulia kwa miti yao. Nimesimama kwenye mkutano, nimewapigia makofi."

Nikamwambia kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeutayarisha ule muhtasari, mimi ndiye niliyeufanya ufunguke haraka, la sivyo asingekuwa na sababu ya kuacha kuja huku.

"Wewe ulinipa mbio," akasema. "Aliyekaa ni mimi."

Nilivua mabuti yangu yale makubwa nikavuka mpaka upande wa pili, nikaingiza miguu kwenye maji yanayokwenda. Yalikuwa ya baridi iliyoniuma mpaka kwenye meno. Miaka yote ile ya kuyasoma, sikujua kwamba ni ya baridi namna hiyo, wala kwamba yanasukuma. Nilisimama nikashika mzizi, yakinisukuma, na kwa muda fulani sikukumbuka diski wala mashine wala kwamba nina jina.

Tuliporudi ofisini ukurasa ulikuwa umeshafunguka. Mstari wote ulikuwa pale, kutoka siku ya kwanza, vile vile. Lakini sasa tuliusoma kwa macho mengine. Akavaa miwani, akausogelea, akapita nao mwezi kwa mwezi. Na tukapaona. Mwaka uliotangulia, mwishoni mwa masika, ulikuwepo mruko mmoja mrefu, maji yamepanda kuliko siku zote, kisha yameshuka ghafla, na kuanzia hapo laini. Si polepole kama miti inavyokua, bali ndani ya siku moja.

"Hapa ndipo mti ulipoanguka," akasema. "Ulikuwa umeandikwa hapa hapa. Nilikuwa naupita kila asubuhi."

Tukampigia Mkuu. Mama ndiye aliyetaka kumwambia mwenyewe. Alimwambia yote bila kupunguza, na mimi nikasikia pumzi ndefu upande wa pili. Mkuu alikuwa ameutia ule mstari kwenye ripoti. Alikuwa ameuonyesha kwa wageni.

"Andikeni," akasema hatimaye. "Andikeni tarehe mliyoiona, na andikeni kwamba kuanzia hapo ni dimbwi. Ripoti nitairudia mimi. Na nyie mmekula?"

Basi tukaandika. Sikufuta hata mstari mmoja wa logi za dimbwi. Nilizitia alama tu, ili mtu yeyote atakayeuliza siku za mbele aambiwe kwamba maji haya yalikuwa yamesimama.

Wiki iliyofuata mafundi walipanda wakahamisha kipimo, wakakifunga kwenye mkondo. Diski nayo ikatulia. Nilimwekea mama muhtasari wa mwezi mmoja, nikauwekea na kikomo cha ukubwa, ukikifikia programu yenyewe inaondoa siku za nyuma kuacha nafasi. Hatukuhitaji kununua kitu. Mtu akinijia sasa akitaka ukurasa wake ufunguke haraka, namuuliza anaangalia nini na mara ngapi, na wengi hugundua kwamba wiki moja inawatosha.

Haikuwa rahisi kwa mama. Alitakiwa kuandika barua ya maelezo, na barua ile ilimkaa kifuani. Alinipigia simu akasema ataacha kazi, aende kukaa kwa binti yake, amechoka kudanganywa na kitu alichokipenda. Sikumshawishi. Lakini kabla ya kuamua chochote alitaka kwanza kuwaambia wale wakulima. Akaenda Jumapili baada ya ibada, akasimama nje ya kanisa na karatasi mkononi, akawaeleza kwamba aliyowaambia hayakuwa kweli, kwamba hajui bado kama miti yao imekituliza kijito au la. Alinisimulia mwenyewe yaliyotokea. Watu walimsikiliza kwa adabu. Kisha bibi mmoja aliyepanda miti mingi kuliko wote akamuuliza:

"Kwani ulidhani tumepanda kwa ajili ya mstari wako?"

Wakacheka, naye akacheka mpaka akashika ukuta. Bibi akamwambia miti ile sasa inampa kivuli cha kukuzia iliki, na kuni, na ng'ombe wake wanakula majani yake. Mambo ya kijito watayaona wenyewe, wao hupita pale kila siku kuteka maji. Kumbe wangemwambia habari za ule mti kama angewauliza. Hawakujua kwamba hajui.

Akaendelea na kazi. Jumatatu na Alhamisi hushuka mtoni, mvua au jua. Mstari mpya bado ni mfupi na haujasema lolote. Umechongoka kama meno, lakini labda kidogo kuliko ule wa mwanzo. Hatuharakishi kusema.

Mwezi uliopita alishuka Tanga kwa shughuli za kwaya, akapita ofisini bila taarifa. Ilikuwa mchana, joto lile la mji wetu linaloshika nguo mgongoni, na alikuwa hoi, uso umemvimba kwa jua. Akaomba aione mashine. Nikamwingiza kwenye baridi ya kiyoyozi kinachopoza mashine. Akaizunguka, akaweka kiganja juu ya chuma, akauliza kijito kiko upande gani. Nikamwonyesha diski, kidude cha ukubwa wa daftari dogo.

"Chote kimo humo?"

"Chote, mama. Na dimbwi pia."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema kwamba chumba hiki ndicho cha kwanza katika Tanga nzima kuwa na hewa ya watu, akaniomba ruhusa akae kidogo. Nikamtandikia mkeka kati ya meza na ukuta. Akatoa sweta lake kwenye mfuko, akalivaa, akajilaza ubavu na mkono chini ya shavu, na kabla sijarudi kitini alikuwa ameshasinzia. Nikapunguza mwanga wa kioo. Logi ziliendelea kuingia, moja moja. Mkuu alichungulia mlangoni, akamwona, akarudi nyuma kwa ncha za vidole, akaufunga mlango taratibu.